Chumba cha Nyuzi Kumi na Mbili

Minko Dryankov alisoma mita za umeme za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakumwambia mtu hata mmoja kwamba ametumia kidogo. Alikuwa anasimama kwenye ngazi na tochi yake, anaandika, kisha anakutazama juu mpaka chini utadhani umemwibia yeye. "Mwalimu, pasi zote hizi unampigia nani?" aliniuliza mwaka ule mume wangu aliponiacha. Nilikuwa napiga pasi sketi yangu ya kwendea shule. Sijamsamehe mpaka leo. Naandika habari zake huku nalijua hilo, na wewe unayesoma ulijue vilevile.

Sisi watu wa Gabrovo tunajulikana Bulgaria nzima kwa ubahili. Wanasema tunasimamisha saa za ukutani usiku ili meno yake yasilike. Uongo huo tumeutunga wenyewe, na tunauuza kwa wageni. Kwa hiyo mchezo wa vibao ulipofika mjini kwetu, uliwakuta wenyewe.

Kibao ni kompyuta nzima iliyojengwa juu ya ubao mmoja, inaenea kiganjani, na umeme inaonja tu. Kuna wataalamu mahali wenye hesabu ambazo mashine moja haiwezi kuzimaliza hata kwa miaka mia. Basi wanazikatakata vipande, wanavigawa kwenye mtandao kwa yeyote atakayejitolea mashine yake, na majibu yanarudi kwao. Hulipwi kitu. Wenzetu wa miji mingine wanashindana nani kamaliza vipande vingi. Sisi tulishindana nani kamaliza vingi kwa umeme kidogo. Timu yetu ilikuwa na watu kumi na tisa na vibao hamsini na kitu, vyote chini ya akaunti moja yenye jina la mji. Nahodha alikuwa Tsoncho, fundi simu wa karibu na daraja. Nywila ya akaunti niliishika mimi, kwa sababu nilifundisha hesabu maisha yangu yote, na kwa sababu hakuna aliyemwamini Tsoncho hata na kiberiti.

Minko alijiunga akiwa amekwisha kustaafu, mwaka ule mkewe alipoanza kuanguka. Iskra alikuwa mfumaji kiwandani, mwanamke wa kucheka sana, mwenye mikono ya kiume. Kwanza mguu mmoja ukawa haumsikii, halafu wa pili. Daktari wa mji mkuu, Sofia, alisema misuli itakuwa inalegea mmoja baada ya mwingine, kwamba dawa haipo, na kwamba kuna watu wanaotafuta umbo la protini fulani, na wakilipata, huenda siku moja dawa ikapatikana. Minko alikuja kwa Tsoncho na jina la protini ile limeandikwa kwenye karatasi ya dawa.

"Hii ipo katika hizo hesabu zenu?"

Tsoncho akatafuta. "Ipo, mzee. Ukitaka, vibao vyako vifanye hiyo tu."

Siku ya pili yake Minko alinunua vibao vinne. Mtu aliyevaa koti moja tangu jeshini! Nasema haya ili mtu asidhani hakumpenda mkewe. Alimpenda, kwa namna yake, na namna yake ilikuwa mbaya.

Walikuwa wanakaa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili katika jengo letu la mtaa wa Trendafil. Mimi nakaa ya tatu. Mlango wa jikoni kwao haupitishi kiti cha magurudumu, kwa hiyo Iskra alishinda chumbani, alilala chumbani, na juu ya rafu mbele ya uso wake vilikaa vibao vinne na kipima umeme kimoja. Sasa kibao kikipata joto, kinakula umeme zaidi. Ukikiwekea feni, feni nayo inakula. Minko akapiga hesabu, akaona kisicho na gharama duniani ni baridi. Toka Novemba mpaka Februari, ambao ndio msimu wetu wa vipimo, chumba kile alikishikilia kwenye nyuzi kumi na mbili, hazizidi, hazipungui. Hita alikuwa anaiwasha dakika kumi alfajiri, anaizima, anasimama na kipimajoto mkononi.

Nilimwambia. Msidhani sikumwambia. Baridi ya kwanza niliingia na bakuli la supu ya maharage, nikamkuta Iskra na makoti mawili, kofia ya manyoya, na glavu zilizokatwa vidole ili aweze kubonyeza rimoti.

"Minko, huyu mkeo umemweka kwenye friji?"

"Hajalalamika."

"Iskra, hujalalamika?"

"Nikilalamika mvuke unatoka mdomoni, shoga," akasema, "na bwana mkubwa anasema mvuke unaleta unyevu kwenye mashine."

Tukacheka mimi na yeye. Minko hakucheka, alikuwa anaandika namba. Nikauliza kwa nini asivipeleke barazani, akajibu kwamba kule baridi inapanda na kushuka, na kipimo cha namna hiyo ni kipimo cha mlevi. Nilipomkazania, Iskra alinishika mkono.

"Mwache, Penka. Vile vinanifanyia kazi mimi. Unaona taa ile ya kijani? Kila ikiwaka najua kuna hesabu yangu imesogea. Wewe ukikaa hapa kutwa nzima utatazama nini? Mimi natazama ile."

Basi mpango wao ulikuwa huo. Yeye alitoa joto, vibao vikatoa hesabu. Kama hesabu zile zilikuwa na maana, hata nyuzi kumi na mbili zilikuwa na maana. Na kama hazikuwa nayo, ilikuwa ni mwanamke mgonjwa anayetetemeka mbele ya rafu, basi.

Kwenye mlango mkubwa wa jengo, pale tunapobandika tanzia za marehemu wetu, siku arobaini, miezi sita, mwaka, Minko alianza kubandika jedwali lake. Alipima vibao vya timu nzima. Ukimpelekea chako, anakaa nacho juma zima, anakurudishia na tusi. Vyake vilikuwa vya kwanza kila mwezi, tena kwa mbali. Siri yake hakuificha: alikuwa anapunguza volti. Kila jioni alikipunguzia kibao kidogo, kidogo, mpaka kinazimika, kisha anakiongezea hatua moja tu.

"Mnyime mpaka azimie, halafu mpe kijiko kimoja," alikuwa anasema. "Hata watu ndivyo wangelelewa."

Na mwisho kabisa wa jedwali, baridi mbili mfululizo, chini ya wote, palikuwa na mstari huu kwa mwandiko wake wa mita: *Kibao cha mwalimu Penka. Mlafi. Kinakula sana, kinafanya kidogo. Kimemfuata mwenyewe.*

Mimi ni mnene, sikatai. Lakini mstari ule ulisomwa na kila aliyeingia na mkate wake jioni, na mpeleka barua, na watoto niliowafundisha kugawanya. Mama mmoja wa ghorofa ya nne alinishauri nile kabichi. Kwa moyo mweupe kabisa.

Kabichi ndiyo niliyokuwa nayo mikononi Novemba ile nilipogundua. Niliipanga ndani ya pipa kule chini ya jengo, nikamwaga maji ya chumvi, nikapanda kupumzika, na kwa hasira tu nikafungua ukurasa wa akaunti ya timu kuangalia mashine moja moja. Nilitaka kuona kibao changu hasa kimefanya nini, nikambandikie Minko jibu mlangoni.

Wale wataalamu si wajinga. Kila kipande cha hesabu wanawapa watu wawili. Majibu yakilingana, yote mawili yanakubaliwa. Yasipolingana, wanampa wa tatu, na aliyebaki peke yake jibu lake linatupwa. Kibao changu, yule mlafi: vipande mia tisa na arobaini, vimekubaliwa vyote isipokuwa viwili. Vibao vinne vya Minko: vipande elfu nane mia mbili na sita. Vilivyokubaliwa: kumi na saba.

Nilidhani ni macho. Nikasafisha miwani, nikahesabu tena. Kumi na saba.

Ilikuwa ni ile njaa. Kibao ulichokinyima umeme hakifi mara moja. Kabla ya kufa kinaanza kukosea. Kinaendelea kufanya kazi, taa inawaka, vipande vinaisha haraka na kwa bei rahisi, ila mbili na mbili inakuwa tano. Nimewafundisha watoto wa namna hiyo, waliokuja shule bila kifungua kinywa. Wanaandika mpaka ukurasa unajaa. Minko aliangalia kipima umeme, akaangalia idadi ya vipande vilivyoisha, akagawanya, akafurahi. Kama majibu ni sahihi au si sahihi, hilo halikumpitia kichwani. Miaka thelathini na mmoja mita ilimwambia umeme umetumika kiasi gani. Haikumwambia hata siku moja umefanya nini. Na ukurasa wa kukubaliwa na kukataliwa uko kwenye akaunti, nyuma ya nywila, na nywila ninayo mimi.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni ngazi kumi na nane. Ningeshuka nikamwambia: Minko, ongeza volti, na uwashe hita, maana kwa volti ya kawaida hata joto la kawaida halidhuru. Dakika tano. Badala yake nilifurahi. Sijui niseme vipi ili nionekane afadhali: nilifurahi, nikakata kipande cha nyama ya kukausha, nikala nimesimama. Nikasema moyoni, mwache aendelee, mwache abandike mwaka mmoja zaidi, halafu siku ya zawadi, Machi mosi, mbele za watu, nitafungua ukurasa ule ukutani.

Ilikuwa baridi mbaya. Mto Yantra uliganda mpaka katikati. Nilishuka kwao mara mbili, na chai, na keki. Iskra alikuwa ameanza kuishiwa mikono. Januari glavu zilizokatwa vidole hazikuwa na kazi tena, rimoti alibonyezewa. Daktari alisema mikono ingekwenda tu, joto lisingezuia. Daktari hakukaa chumba kile. Mimi nilikaa, dakika ishirini, sikuvua koti, nikatazama taa ya kijani pamoja naye.

"Inawaka haraka mwaka huu," akaniambia. "Au naona vibaya?"

"Inawaka haraka," nikasema.

Machi mosi tulikutana katika ukumbi wa kusomea wa mtaa, kila mmoja na uzi wake mwekundu na mweupe mkononi kama ilivyo ada ya siku ile. Tuna desturi: anayeshinda hutaniwa mpaka jasho limtoke, na yeye ndiye hucheka wa kwanza. Asiyecheka si mtu wa kwetu, arudi alikotoka. Zile namba nilikuwa nimempa Tsoncho siku mbili kabla, na Tsoncho alizifanyia sanaa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Minko angemleta Iskra. Miaka miwili hakuwa ameshuka ngazi. Waliwaita majirani wawili wakambeba na kiti chake, nywele zimetengenezwa, rangi ya mdomo imepakwa na mwanamume, maana imevuka mipaka. Alikuja kuona mumewe anapewa kikombe. Nilimwona mlangoni. Nilikuwa na dakika kumi nzima.

Nikamvuta Tsoncho shati. "Acha. Mkewe yupo."

"Mwalimu, nimechapa nakala arobaini, ziko chini ya kila sahani. Nile karatasi?"

"Sema umekosea."

"Namba ulinipa wewe," akasema, na akasimama.

Karatasi ile ilikuwa tanzia kamili, mpaka mweusi pembeni, na picha ya kibao pale penye sura ya marehemu. Tsoncho akaisoma kwa sauti ya kasisi:

"Kwa majonzi tunawatangazia kwamba ametutoka mpendwa wetu Kibao cha Mzee Minko, aliyefariki kwa njaa mikononi mwa baba yake mzazi. Marehemu alifanya kazi elfu nane mia mbili na sita, na kati ya hizo kumi na saba zilikuwa za kweli. Ameacha mjane, ambaye ni kipima umeme. Mtakaohudhuria msilete maua, yanakunywa maji."

Ukumbi ulipasuka. Minko akacheka wa kwanza, akajipiga paja, kama desturi inavyotaka.

"Kumi na saba za nini, wewe fundi wa vioo vya simu?"

"Zilizokubaliwa, mzee."

"Zimekubaliwa na nani?"

"Zilizokuwa sahihi, mzee. Nyingine zimetupwa. Muulize mwalimu."

Watu wakageuka kwangu. Nilishakaa nikingoja saa ile miezi minne. Nikasimama. Nikafungua ukurasa ukutani. Minko akavaa miwani, akausogelea ukuta, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa anasoma mita zetu.

"Hii imeharibika," akasema.

"Haijaharibika, Minko. Vibao vinakosea. Umevinyima mno."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Alikuwa bado anacheka. Mdomo ulikuwa wazi, sauti hamna. Nyuma watu walianza kunyamaza meza moja moja, na hapo ndipo Iskra alipoongea. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo, lakini ukumbi ulikuwa kimya.

"Minko, hizo kumi na saba ndizo zangu?"

Minko alibaki amegusa ukuta.

"Ni zako, mama," Tsoncho akadakia, maskini, alitaka kusaidia. "Tena nzima kabisa, hazina kasoro!"

Na mtu mmoja mlangoni, aliyekuwa ametoka kuvuta sigara na hakujua limetokea nini, akacheka kwa nguvu.

Kikombe walimpa. Walikuwa wameshaandika jina lake. Alikipokea, akakiweka kwenye mapaja ya Iskra maana mikono yake ilihitajika kusukuma kiti, na wakaondoka. Nilimsikia nje anawaomba wale majirani waliombeba wasimtikise.

Siku ya tatu nilioka banitsa, mkate wetu wa tabaka, ile ya jibini anayoipenda Iskra, nikashuka. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Minko akanifungulia. Wakati mwingine wowote angesema neno kuhusu ngazi na uzito wangu. Siku ile alisogea tu nipite.

Chumbani kulikuwa na joto la kuoka. Hita zilikuwa mbili, ya pili sikuwahi kuiona, zote zinawaka, na dirisha limejaa ukungu wa mvuke. Rafu ilikuwa tupu. Vibao vilikuwa kwenye boksi la viatu chini ya meza, na nyaya zimekunjwa vizuri. Iskra alikuwa na blauzi ya mikono mifupi. Tangu augue sikuwa nimeiona mikono yake. Haikuwa ile ya kiwandani.

"Kaa, Penka," akasema. "Vua koti, utatoka jasho."

Nikavua. Nikaanza kueleza, kwamba volti ni kitu cha hatari, kwamba mtu yeyote angekosea, kwamba sasa vikirekebishwa vinaweza kufanya kazi vizuri hata kwenye joto hili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Minko alisimama karibu na mlango wa jikoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Wewe ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema juzi. Alikuwa ananitazama tu, na mimi nimedanganya watu wengi, hata wakaguzi wa shule, lakini macho yale yalikuwa yameshinda baridi tatu yakitazama taa ya uongo.

"Tangu kabichi," nikasema.

Akahesabu. Vidole havikumsikia, alihesabu kwa midomo: Novemba, Desemba, Januari, Februari.

"Ukaja na keki," akasema.

"Iskra."

"Nikakuuliza kama inawaka haraka."

Nikaanza kulia. Naweza kusema nililia kwa ajili yake, lakini nadhani nililia kwa kuwa nilionekana.

"Minko alinigandisha baridi mbili kwa ujinga wake," akasema Iskra, taratibu, maana pumzi nazo zilikuwa za kuhesabu. "Ya tatu umenigandisha wewe, na ulikuwa na akili zako zote. Minko, mtoe. Na msisimame mlangoni, joto linatoka."

Minko akaniletea koti. Akanirudishia sinia na banitsa yangu, haijakatwa, akafungua mlango kidogo kiasi cha mimi kupita kwa ubavu, na akaufunga.